Alama ya Kitone Haina Namba

Tuanze pale mambo yalipoharibika, yaani kabla hata moto haujawashwa. Kuku mzima wa kilo moja na nusu anatolewa kwenye friza akiwa mgumu, anawekwa juu ya trei, trei inasukumwa katikati ya oveni, swichi inazungushwa hadi kwenye ile alama ya theluji na kitone cha maji, mlango unafungwa, na mpishi anaenda kushughulikia mengine hadi jioni. Wasomaji wa safu hii wameliona tendo hili mara nyingi kwenye video za mapishi zinazozunguka kwenye simu, na wengi wana oveni ya aina hiyo nyumbani, kwa hiyo sitaeleza upya swichi iko wapi wala feni inakaa upande gani. Yaliyofuata hayana ubaya: viungo vilipakwa hadi chini ya ngozi, viazi vilikatwa kwa ukubwa mmoja, nyuzi 180 zilikuwa sahihi, rangi ikatoka ya kupendeza. Hiyo ndiyo sifa yote nitakayotoa leo. Kosa lilikuwa limeshafanyika saa kadhaa kabla ya hapo, na hakuna kitunguu saumu wala dania inayoweza kulifuta.

Tazama swichi yenyewe. Kuchoma kuna namba, kuoka keki kuna namba, hata kule kuweka chakula kikae moto kunakuja na namba. Alama ya kitone peke yake ndiyo haina. Haikuambii ndani kuna nyuzi ngapi, wala haikuambii baada ya muda gani utoe chakula. Kwenye oveni nyingi za umeme, mpangilio huu huwasha feni tu na kuziacha koili za joto zikiwa zimezimwa. Hewa inazunguka kwa joto lile lile la jikoni. Kwenye nyingine, koili hutoa joto dogo la nyuzi 30, 40 au hata 50. Mpishi aliyegeuza swichi hakutuambia oveni yake ni ya kundi gani, na kwa jinsi alivyoifunga na kuondoka, yaelekea hata yeye hajui. Mtu huyo huyo asingeoka keki bila kujua nyuzi. Lakini kuku mbichi, chakula chenye hatari kuliko vyote vilivyokuwa juu ya meza yake, amemkabidhi mashine isiyo na kipimo.

Kuna jambo la ajabu zaidi ambalo wanaosifu mpangilio huu hawaligusi. Oveni imejengwa kuzuia joto lisipite. Kuta zake zimejazwa sufi ya kioo au ya mawe ili moto wa ndani usitoke, na ukuta unaozuia joto kutoka unazuia pia joto kuingia. Kuku wa barafu akiwekwa humo bila koili kuwashwa, anavuta joto la hewa iliyo ndani, kisha la mabati yanayomzunguka, halafu inabaki kungoja kile kidogo kinachopenya kutoka jikoni na kile kinachotoka kwenye mota ya feni. Kwa hiyo hewa ya ndani inashuka chini ya ile ya jikoni. Inashuka hadi wapi? Hakuna ajuaye. Pengine ni nyuzi 14, pengine 11, pengine 16, kutegemea uzito wa kuku, unene wa kuta na ubaridi wa siku. Friji ingekaa kwenye nyuzi 4 na kila mtu angejua. Meza ya jikoni ingekuwa kwenye nyuzi za jikoni, na kila mtu angejua vilevile, angalau angeogopa. Oveni iliyowekwa kwenye kitone ni mahali pa katikati pasipo na kipimo, na kinachompa mpishi utulivu wa moyo ni mlango uliofungwa tu.

Hesabu ya barafu nayo haina huruma. Kuku wa kilo moja na nusu ana takriban kilo moja ya maji ndani yake. Kilo moja ya barafu iliyofika nyuzi sifuri inahitaji kilojuli 334 ili iwe maji ya nyuzi sifuri hiyo hiyo. Joto hilo lingetosha kuyapandisha maji hayo kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Ongeza kilojuli kama 50 za kumtoa kuku kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ambako friza inapaswa kumweka. Sasa uwe mkarimu kwa feni, uipe uwezo wa kumwingizia kuku wati 50 mfululizo bila kupungua: bado unapita saa mbili. Na ukweli hauna ukarimu huo. Barafu hupitisha joto karibu mara nne kuliko maji, hivyo tabaka la nje likishayeyuka linageuka kuwa koti linalozuia joto kufika kwenye barafu iliyobaki ndani. Ndiyo maana kuyeyusha huchukua muda mrefu kuliko kugandisha, hata tofauti ya nyuzi ikiwa sawa. Kadiri kazi inavyosonga mbele ndivyo mwendo unavyopungua, na katikati ya kuku, pale tumboni ambako mara nyingi kuna mfuko wa firigisi na shingo ulioshikana na barafu, ndiko mwisho kabisa kunakolainika.

Mabawa hayamsubiri katikati. Ncha ya bawa ni nyembamba, ina ngozi pande zote na nyama kidogo, na upepo wa feni unaipiga moja kwa moja. Inayeyuka mapema, inapita nyuzi 5 mapema, na kutoka hapo inabaki kwenye ukanda ambao Shirika la Afya Duniani linauita wa hatari, kati ya nyuzi 5 na 60. Paja likifuata, bawa limeshakaa humo kwa saa nzima au zaidi. Kifua kikilainika, bawa na paja vimeshavuka zile saa mbili ambazo miongozo mingi ya usalama wa chakula inaziweka kama mpaka. Kosa la mpishi ni kumhukumu kuku kwa kubonyeza kifua. Alipaswa kumhukumu kwa sehemu iliyoyeyuka kwanza, kwa sababu saa ya hatari inaanza kuhesabiwa pale. Na kama oveni yake ni ya lile kundi linalotoa nyuzi 40, basi ngozi ya bawa ilikaa karibu na nyuzi 37, joto ambalo Salmonela hulipenda kuliko yote. Akipata joto hilo na unyevu, idadi yake inaweza kuongezeka maradufu kwa muda usiozidi nusu saa. Wale wanaosema joto kidogo linaharakisha kazi wana haki. Linaharakisha kazi zote mbili.

Waliotangulia hawakulichukulia jambo hili kwa wepesi. Clarence Birdseye, yule Mmarekani aliyeona kwa macho yake huko Labrador, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jinsi samaki waliotolewa majini kwenye baridi kali walivyoganda mara moja na bado wakawa na ladha nzuri baada ya miezi, alielewa kwamba mambo yote yako kwenye kasi na nyuzi. Mgando wa haraka huacha chembe ndogo za barafu zisizopasua nyama. Mgando wa polepole huacha chembe kubwa, na ndizo zinazotoa yale maji mekundu yanayojaa kwenye trei. Alijenga mashine zake juu ya vipimo hivyo, na mwaka 1929 biashara yake ikanunuliwa kwa dola milioni 22. Hata Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, ambaye ugunduzi wake wa mwaka 1945 ndio uliozaa maikrowevu, alituachia chombo ambacho angalau kasoro yake inajulikana: mawimbi hunaswa na maji kuliko na barafu, kwa hiyo kingo huanza kuiva huku katikati kumeganda. Sharti lake kwa hiyo liko wazi. Kikitoka humo, kinapikwa papo hapo. Mtu aliyebuni alama ya kitone hakuacha sharti lolote kwenye swichi. Aliacha picha tu.

Hoja ya kwanza ya wapinzani naijua, kwa maana ni hoja ya watu wa huku kwetu Tetu, Nyeri. Wanasema hayo ni mambo ya miji ya joto, Mombasa na Lodwar. Tetu ni baridi, na msimu wa baridi tunaouita gathano, Juni hadi Agosti, ukungu wa milima ya Nyandarua unakaa juu ya Ihururu na Wamagana mchana kutwa, jikoni ni friji tosha. Hoja ina uzito, nami sitaipuuza. Mji wa Nyeri uko karibu na mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wastani wake wa joto kwa mwaka uko kwenye nyuzi 17 au 18, na vijiji vya Tetu vinavyopanda kuelekea msituni vina joto la chini ya hapo. Vijidudu huongezeka polepole kwa nyuzi 16 kuliko kwa 30; hilo ni kweli na ndilo linalowaokoa wengi. Lakini polepole si kusimama. Salmonela huanza kukua kwenye nyuzi 5 hadi 7, na hakuna jikoni ya Tetu, hata asubuhi ya Julai, inayokaa kwenye nyuzi 5. Isitoshe, jikoni yenye oveni kwa kawaida ina jiko jingine linalowaka, ina birika, ina madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya baridi hiyo hiyo. Baridi ya nje haiingii kwenye trei kwa sababu mwenye nyumba amevaa sweta. Na tusisahau kwamba baridi hiyo hurefusha muda wa kuyeyusha, kwa hiyo anayeutegemea ukungu wa gathano anapunguza kasi ya vijidudu kisha anaviongezea saa.

Hoja ya pili ni kwamba moto utaua kila kitu. Utaua vijidudu, ndiyo. Kuku akifika nyuzi 74 kwenye kiungo cha paja, Salmonela haiponi, na hata maji yetu ya huku juu, yanayochemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, yana joto la kutosha na kuzidi. Kilichosahaulika ni kwamba moto haufuati maji yaliyodondoka. Yale maji mekundu yalikaa kwenye trei, yakashika kwenye waya za oveni, yakafuatana na mikono hadi kwenye mpini wa friji, na tambara lililopangusia trei ndilo lililopangusia meza iliyokatiwa kachumbari. Kachumbari haipikwi. Halafu kuna sumu ambazo bakteria wengine huziacha nyuma yao. Stafilokokasi, anayetoka kwenye ngozi na pua za watu, hutengeneza sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kwenye kuku mbichi, bakteria huyu huzidiwa na wengine. Kwenye chakula kilichokwisha kupikwa kisha kikagandishwa, kama pilau ya harusi au mchuzi uliohifadhiwa, hana mshindani. Kwa hiyo anayeweka bakuli la pilau ya barafu kwenye kitone kutwa nzima akidhani pilau ni salama kuliko kuku kwa kuwa imepikwa, amelisoma jambo kinyume.

Ya tatu haifai hata kuitwa hoja: mbona hatujaugua? Salmonela huchukua kati ya saa sita na siku tatu, na zaidi mara nyingine, kabla ya kuonyesha makali yake. Kuku wa Jumapili anashika tumbo Jumanne, na lawama zinaenda kwa maziwa ya Jumatatu au kwa chipsi za stendi. Ushahidi wa namna hiyo haumtetei mtu.

Hapa niruhusiwe kurudia kilio changu cha zamani, ambacho wasomaji wamekizoea. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza ule mpango wa kuchochea uchumi ambao, pamoja na mengine, ulichimba mabwawa ya samaki 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, na baadaye ukatuletea kiwanda cha kusindika samaki hapa Wamagana. Eneo ambalo wazee wake walimwona samaki kama nyoka likaambiwa lile samaki. Trauti waliotiwa kwenye Mto Gura mwaka 1905 walikuja kwa ajili ya wazungu wenye ndoano, si kwa ajili ya sufuria za Tetu, kwa hiyo mapishi ya samaki hatukurithi. Fedha zikapatikana za bwawa, za vifaranga, za chakula cha samaki, za vyumba vya baridi. Habari za kiwanda kwa miaka mingi zikawa za uhaba wa samaki, na huo ni mjadala wa siku nyingine. Linaloniuma ni kwamba mnyororo wa baridi ulihesabiwa hadi mlango wa friza ukaishia hapo. Kutoka friza hadi kikaangoni ni hatua ambayo mlaji ameachiwa akisie, na ndiyo hatua ambayo samaki anahitaji uangalifu kuliko kuku. Samaki aliyefungwa kwenye plastiki iliyofyonzwa hewa, kwa mfano, lazima plastiki ifunguliwe kabla ya kuyeyushwa hata ndani ya friji, maana pasipo hewa ndipo bakteria wa botulizimu hupata nafasi, na aina yake inayoandamana na samaki hukua hata kwenye nyuzi 4. Weka pakiti hiyo kwenye oveni kwa kutwa nzima bila kuifungua na umemwandalia mazingira anayoyataka.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba Tetu ina kifaa bora cha kuyeyushia kuliko oveni yoyote, na kinaingia nyumbani kwa bomba. Maji yanayoshuka kwa mteremko kutoka Nyandarua ni baridi. Mwongozo wa Marekani unaruhusu kuyeyusha ndani ya maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa, kuku akiwa kwenye mfuko usiovuja, na kwa kuku mzima kazi huisha kwa saa mbili au tatu, kwa sababu maji hubeba joto kwa wingi mno kuliko hewa yenye nyuzi zile zile. Na utaona akili ya mbinu hiyo: maji yanamshika kuku mzima, bawa na kifua, mwili ulioganda unayapoza maji yenyewe, na yule mtu anayebadilisha maji kila nusu saa analazimika kumtazama. Akishalainika anapikwa, hakai. Kuna watakaouliza mfuko utoke wapi, ilhali mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017. Iliyopigwa marufuku ni ya kubebea na ile bapa ya kufungashia, si pakiti za kiwandani. Kuku wa dukani bado anakuja kwenye pakiti ya kiwandani, na kama pakiti haijatoboka ndiyo inayohitajika. Aliyechinjwa nyumbani na kugandishwa ndani ya bakuli aingie kwenye sufuria nyembamba yenye kifuniko, sufuria iingie kwenye beseni; itachukua muda zaidi, lakini maji hayataingia wala kutoka. Mwenye subira ana friji, rafu ya chini kabisa, ndani ya sinia yenye kingo, siku nzima na usiku wake kwa kuku wa ukubwa huu. 

Alama ya kitone si ya kung'olewa. Mkate uliogandishwa, keki isiyo na krimu, mandazi yaliyobaki: hivyo ni vikavu, vijidudu havina haraka navyo, na upepo wa feni huondoa ule unyevu unaofanya ganda la mkate kuwa kama mpira. Vitabu vingi vya maelekezo, kwa anayevisoma, vinaanza na vyakula vya namna hiyo. Mtengenezaji angechora kipande cha mkate badala ya kitone, safu hii ingekuwa na mada nyingine leo.

Na mpishi wetu, aliyekuwa na haraka ya jioni, alikuwa na njia ambayo haikuhitaji oveni itulie bure hata dakika moja. Kuku anaweza kupikwa akiwa na barafu yake. Nyuzi 180 zile zile, muda uongezwe kwa nusu, yaani kilichotaka saa moja na nusu kipewe saa mbili na robo. Viungo vipakwe katikati ya safari, ngozi ikishalainika, kwa kuwa juu ya barafu havishiki. Mfuko wa firigisi utolewe mara tu unapoachia, hasa ukiwa wa plastiki. Kipimajoto cha nyama kidungwe kwenye kiungo cha paja bila kugusa mfupa, kisha kwenye sehemu nene ya kifua, na pote pawili pasome 74. Kwa vipande inakuwa rahisi zaidi, mradi vimegandishwa kimoja kimoja, visiwe bonge moja lililoshikana.